Saa Nne Sote Tunashuka

Mwaka wa sabini na nane nilikuwa na miaka kumi na sita, na hapo ndipo dhiki ilipoingia kwetu. Baba alikuwa mkata miwa Ramisi. Alirudi nyumbani Tiwi siku ya Alhamisi akiwa na homa, Jumatatu tukamzika. Alituacha watu watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Mwanamisi. Wengine hupenda kusema kifo cha baba kiliwakatiza masomo. Mimi shule nilikuwa nimeiacha zamani, darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa na masomo ya kukatizwa.

Mama alianza kushona makuti ya kuuza. Alikaa uani tangu asubuhi, anakunja majani ya mnazi juu ya kijiti na kuyapitisha uzi, mpaka vidole vikamkakamaa. Kazi yangu ilikuwa kuyabeba hadi Diani, walikokuwa wakijenga hoteli. Siku moja nimetua mzigo, nikainua macho, nikaona wanaume tisa juu ya paa, miguu mitupu, wamesimama juu ya fito wanazungumza kana kwamba wako barazani kwao. Nikamwendea mkubwa wao nikamwambia nataka kazi hiyo.

Huyo ndiye Mzee Haji. Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti yake ilikuwa ndogo hata ikakubidi umsogelee. Aliniuliza kama naogopa kupanda juu. Nikasema siogopi hata kidogo.

"Basi hufai," akaniambia. "Nenda nyumbani ukafikiri, urudi kesho."

Nilirudi kesho yake nikamwambia naogopa kiasi. Akanionyesha ngazi.

Nimestaafu mwaka jana, na vijana niliowaacha kazini wameniomba niandike kazi ya kuezeka ilivyokuwa. Nimeandika mwenyewe kwa mkono, mjukuu wangu akanisahihishia herufi. Maneno nilimkataza kuyagusa. Nani alinilipa nini hamtayakuta humu, wala sitawafundisha kufunga kuti, maana mnajua. Nitaandika jambo ambalo naona mmeanza kulisahau, nalo ni kushuka.

Siku yangu ya kwanza nilipewa safu za chini, karibu na ukingo, mahali ambapo mtu akianguka anaamka akajipangusa. Makuti huezekwa kutoka chini kwenda juu, kila safu inalalia iliyo chini yake, ndipo maji yateremke bila kupata mlango. Nilifunga kwa pupa. Nilitaka Mzee Haji aone kwamba amepata mtu. Ilipofika saa nne akatamka neno moja tu, tena kwa ile sauti yake ndogo: "Tushuke." Wote tisa wakaacha walichoshika. Aliyekuwa na kamba mkononi aliifunga fundo la muda akashuka. Mimi nikajiona mjanja, nikabaki nimalize safu yangu.

Hakuna aliyeniita. Niliposhuka, wenzangu walikuwa wamekaa kwenye mchanga, mbali kidogo na jengo, wamezunguka sinia moja ya mahamri na mbaazi. Birika ilikuwa nyeusi kwa masizi. Kikombe changu kilikuwa kimemiminiwa chai, nayo imepoa, imefanya utando. Mzee Haji alimhamisha mtu mmoja ili nikae alipokuwa amekaa huyo, akaniambia ninywe huku naangalia paa.

Nikaangalia. Safu zangu zilikuwa zimepanda upande mmoja kama mgongo wa punda aliyelemewa. Nilipokuwa juu niliziona zimenyooka kabisa.

"Aliye juu ya paa halioni paa," akasema. "Maliza chai, halafu ufumue zote."

Nilifumua mpaka adhuhuri. Vidole vilitoka damu, na mwenzetu mmoja aitwaye Juma, aliyependa mizaha, akaniuliza makuti yamenikosea nini hata nayavua nguo hadharani. Sikubaki juu peke yangu tena, ingawa mara moja nilikaribia, na hiyo nitaieleza.

Kushuka kwetu hakukuwa kwa ajili ya tumbo. Nilijua hivyo Ramadhani ya mwaka ule ule. Sote tumefunga, jua la saa nne linachoma, Mzee Haji akasema tushuke kama kawaida. Tukaenda pale pale kwenye mchanga, tukakaa duara, mikono mitupu, katikati hakuna sinia wala birika. Msimamizi wa ujenzi, mtu wa bara aliyekuwa mwema lakini mwenye haraka, akaja akasimama juu yetu.

"Sasa wazee," akasema, "hamli, hamnywi. Mmeshuka kufanya nini?"

"Kuangaliana," Mzee Haji akamjibu.

Msimamizi alicheka akaenda zake. Lakini siku hiyo hiyo Mzee Haji alimtazama mmoja wetu usoni, akamwambia avae viatu aende nyumbani alale, akipona arudi. Yule mtu alikuwa na homa tangu alfajiri na hakuwa amemwambia mtu. Mimi nilikuwa nimefanya naye kazi bega kwa bega tangu saa moja na sikuona kitu. Ukiwa juu unaangalia kamba, unaangalia unapokanyaga. Mwenzako unamsikia tu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na sioni kama mmeongeza vingi. Kisu kifupi, kinolewe asubuhi na adhuhuri. Kamba ya makumbi ya nazi, iliyolowekwa usiku ili isikatike. Siku hizi mnatumia ya nailoni, haiozi, na wala haiushiki ufito vizuri. Vidole vya miguu. Hivyo ndivyo kifaa cha kwanza. Mtu anayekuja kazini na buti namrudisha ngazini.

Mwaka wangu wa tatu aliingia Selemani, tukimwita Sele, kijana wa Jego, mrefu, mwenye kucheka hata akipigwa na jua. Tulipangwa pamoja. Mimi nilikuwa naezeka upande mmoja wa paa, yeye upande wa pili, na tulikuwa tukikutana juu kileleni, kila mtu akidai amefika kwanza. Aliwahi kunisindikiza nyumbani siku moja, akamwona Mwanamisi anamsaidia mama kushona. Baada ya hapo akawa ananisindikiza kila siku, na njia ya kwenda kwao haikupita kwetu. Walioana. Kwa hiyo Sele alikuwa mwenzangu wa juu ya paa, na shemeji yangu chini.

Mzee Haji alipozeeka magoti, aliniachia kundi. Hakufanya sherehe. Alinipa ile birika akasema, "Saa nne." Basi. Akaenda akafa miaka miwili baadaye kitandani kwake, jambo ambalo kwa fundi wa kuezeka ni sifa.

Sasa nifike Galu. Hapa ndipo penye aibu yangu, na sikuiandika mapema kwa sababu nilikuwa nakusanya nguvu.

Tulipewa ukumbi wa kulia wa hoteli mpya kule Galu, paa refu kuliko yote niliyowahi kuyapanda. Nilikuwa na watu kumi na wawili. Wageni walikuwa wakitarajiwa Desemba, nasi tumeanza tumechelewa kwa sababu boriti zilikawia. Meneja alikuwa kijana nadhifu, ana saa kubwa mkononi. Siku ya tatu alitukuta tumekaa mchangani na vikombe. Hakugomba. Alinivuta kando kwa adabu, akaniamkia shikamoo, kisha akanifanyia hesabu. Watu kumi na wawili wakikaa nusu saa, ni masaa sita ya kazi yamepotea. Kila siku masaa sita, fundi. Kwa nini wasinywe kwa zamu, wawili wawili, na chai iwafuate kule juu?

Ningeweza kumjibu. Jibu nilikuwa nalo tangu mwaka wa sabini na nane. Lakini yeye alihesabu haraka, mimi nikawa bado nazidisha kichwani, nikaona haya. Mtu wa darasa la tatu akifanyiwa hesabu huku watu wake wanamtazama hutaka yaishe upesi. Nikasema sawa.

Tukaanza kuvuta chai kwa kamba ndani ya ndoo. Wawili wanakunywa wamekaa juu ya fito, kumi wanafunga. Na kazi ilikwenda, sitadanganya. Wiki ya kwanza tulipanda safu nyingi kuliko tulivyowahi. Meneja akanipa mkono. Nilitembea na huo mkono siku nzima kama nimepewa cheo. Juma, ambaye sasa alikuwa mzee wa kundi, alinung'unika tu kwamba chai ya kwenye ndoo ina ladha ya saruji. Nikamwambia mbona yeye mwenyewe ana ladha ya saruji.

Wiki ya tatu, asubuhi, ilikuwa imekaribia saa nne. Nilikuwa upande wangu. Nilisikia ufito umelia, halafu sikusikia kitu, halafu nikasikia kishindo chini, ndani ya ukumbi. Nikapaza sauti, "Nani?" Watu wakaitana majina. Kila mtu aliitika isipokuwa Sele.

Aliangukia lundo la mchanga wa kujengea, na hilo ndilo lililomwokoa roho. Nyonga ilivunjika, na mkono. Tulimlaza juu ya mlango uliokuwa haujatiwa, tukampandisha kwenye pikapu ya hoteli, tukamkimbiza Msambweni. Njiani alikuwa anaomba maji. Alikunywa chupa nzima, akaomba nyingine.

Daktari alimpima akatoka akatuambia mfupa utaunga, lakini mtu huyu ana sukari, tena ya siku nyingi, na bila shaka macho yalikuwa yakimfanyia ukungu. Akauliza kama hakuna aliyeona chochote.

Tulikuwa wanne pale kwenye benchi la hospitali, na hapo ndipo yalipoanza kutoka. Juma akasema alimwona Sele mara mbili anapapasa kamba iliyokuwa mbele ya uso wake. Kassimu, aliyekuwa akivuta ndoo, akasema Sele alikuwa anamaliza jagi la maji peke yake na anaomba la pili, akadhani ni joto. Mwingine akasema alikuwa anashuka kwenda haja kila mara, wakamtania. Na mimi? Mimi nilikuta fundo lake limefungwa hewani, halijashika ufito wala kuti. Nikalifungua nikalifunga upya, nikaendelea.

Kila mtu alikuwa na kipande chake. Hatukuwa na mahali pa kuviweka pamoja. Kwenye sinia moja, siku mbili hazingepita kabla Juma hajamuuliza kwa sauti mbona anakunywa kama ngamia, na sote tungegeuka tukamtazama. Sele mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alificha. Alijua akisema, nitamteremsha. Na ile chai ya kwenye ndoo ilimsaidia kuficha, maana kila zamu ilidhani amekula na zamu nyingine, kumbe alikuwa hali.

Mwanamisi alifika jioni kutoka Tiwi na mtandio umemkaa upande. Alimwona mumewe, kisha akaja akakaa karibu yangu. Hakulia.

"Kaka," akasema, "mnakula pamoja kila siku miaka yote hii. Hukumwona?"

Nilitaka kumwambia habari za Desemba na za meneja. Nikamwambia lililo kweli. "Tuliacha kula pamoja. Mimi ndiye niliyeruhusu."

Alinyamaza nami miezi mitatu. Nikienda kwao na unga na nazi, anapokea, anasema ahsante kaka, anarudi jikoni.

Asubuhi iliyofuata nilirudi Galu. Saa nne ilipofika nikasema tushuke. Sote tukashuka, tukakaa mchangani na birika. Hakuna aliyekula sana. Meneja akaja, macho mekundu, maana na yeye hakulala. Si mtu mbaya. Akasema anaelewa tumepatwa, lakini siku zimebaki chache, na akaanza, "Fundi, ile hesabu yetu..."

"Hesabu yako ni sawa," nikamwambia. "Masaa sita. Nimeirudia usiku kucha na ni sawa. Lakini watu wangu watashuka saa nne wote, na kama haikupendezi, kuna mafundi Ukunda, ngazi ile pale."

Vikombe vikasimama hewani. Kazi ile tukiikosa, watu kumi na mmoja walikuwa wanarudi nyumbani mikono mitupu pamoja nami. Hakuna aliyenivuta shati. Juma akamsogezea meneja sehemu ya mkeka akamwambia akae aangalie paa lake.

Akakaa, na suruali yake nzuri. Akaangalia, nasi tukaangalia, na ndipo sote tukaliona kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Katikati, zile safu tulizozipanda kwa mbio, paa lilikuwa limefanya tumbo. Mvua ya kwanza ingesimama pale.

"Ni mimi ninayeona vibaya?" meneja akauliza.

"Huoni vibaya," Juma akasema. "Umekaa, ndiyo maana."

Tulifumua safu tisa. Tulimaliza siku nne baada ya tarehe. Wageni walikuja, wakala samaki chini ya paa lile, na sikusikia mgeni aliyerudi kwao kwa ajili ya siku nne.

Sele alikaa ndani miezi minane. Alipoweza kutembea kwa mkongojo, nilimfuata nikamwambia nina kazi yake. Akanitazama kwa hasira. Akasema hataki sadaka, heri auze mihogo barabarani. Nikamwambia mihogo auze, lakini nataka mtu mmoja akae chini, mbali na jengo, siku nzima, aangalie paa na awaangalie walio juu yake. Mtu anayejua. Nikamwambia sina mwingine, na hilo halikuwa la kumbembeleza.

Akafikiri. Akauliza, "Nitakalia nini?"

Nikamletea kreti ya soda, tupu, nikaigeuza. Alikaa juu ya kreti hiyo kwenye kila jengo tulilojenga tangu hapo, kutoka Tiwi mpaka Msambweni, miaka inayozidi ishirini. Alikuwa akipaza sauti: kushoto kumelala, wewe mwenye shati jekundu kamba yako imelegea, Kassimu mbona unapepesuka. Na saa nne kamili alikuwa anapiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Hakukuwa na mtu asiyeshuka. Siku aliyoanza, Mwanamisi ndiye aliyetuletea mahamri pale kazini. Alinipakulia la kwanza. Nami nikala.

Nyinyi wa sasa mmekuja na simu. Mnashuka, naam, lakini kila mtu anaegemea mnazi wake anaangalia kiganja. Mmoja wenu, kijana wa Ukunda, tena mchapakazi, alimwambia Sele, "Mzee, breki ya chai ni ya mtu binafsi, bana." Sele akampa kapu. Akamwambia simu zote humu, na yeye awe wa kwanza. Kijana akasema kama mamake akipiga je? Sele akamwambia mamake akipiga tutaitika sote. Na kweli siku moja alipiga, tukamwitikia watu kumi, shikamoo mama, na yule mama akadhani mwanawe amekamatwa.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Msambweni, nyumba ya mtu, paa la wastani. Nilikuwa kileleni, limebaki kuti moja kufunga. Moja. Nilikuwa nimelishika mkononi, nikalia kidogo, kwa sababu ya upepo. Kifuniko kikalia kule chini. Nikaona vijana wanashuka. Nikasema moyoni, hili moja, la mwisho la maisha yangu, nilifunge kwanza.

"Shemeji," Sele akaita kutoka kwenye kreti yake. "Chai inapoa."

Nikalilaza lile kuti juu ya wenzake, nikashuka. Nilikaa, nikanywa, nikaangalia paa. Limenyooka. Baada ya chai magoti yalikataa ngazi, nikamwambia yule kijana wa Ukunda akalifunge. Alilifunga vizuri.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vinne Tiwi, nimeijenga mwenyewe, imeezekwa bati, na msinicheke. Minazi thelathini na mmoja. Mbuzi watano. Baiskeli moja. Kisu kimoja, kimebaki nusu kwa kunolewa. Magoti mawili, linalofanya kazi ni la kulia. Birika moja nyeusi ya Mzee Haji. Kreti mbili za soda, tupu, ziko uani chini ya ukuta. Moja nakalia mimi. Ya pili ni ya Sele, na anakuja kila siku saa nne.